Masta sita, shimo moja

Jumamosi dalali alinipeleka Manzese, Dar es Salaam, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Tip Top, kuona nyumba ya wapangaji "iliyopigwa ukarabati wa maana". Awali ilikuwa nyumba yetu ile ya Uswahilini: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani. Sasa kila chumba ni masta, yaani kina choo na bafu lake ndani. Marumaru mpaka barazani, jipsamu, madirisha ya aluminiamu, na mita sita za umeme, LUKU, zimejipanga ukutani kama masanduku ya posta.

"Bosi, hapa wewe kazi yako kupokea kodi tu," dalali akasema.

Nikamuuliza shimo la choo liko wapi. Akanionyesha simenti mpya uani, akageukia habari za rangi. Jibu nililipata nje, kwa mama aliyekuwa akichoma vitumbua kwenye baraza ya jirani. "Shimo ni lile lile, mwanangu. La enzi za marehemu mzee. Mimi nilikaa humo miaka, chumba cha kwanza kushoto."

Pigeni hesabu. Shimo lililochimbwa kwa choo kimoja leo linapokea vyoo sita na mabafu sita, tena kwenye uchochoro ambao pikipiki mbili hazipishani. Gari la kunyonya litapita wapi? Na chini ya ukuta, nyuma ya mlango, rangi haijamaliza hata mvua moja na tayari imevimba kwa chumvi.

Ndiyo maana nasema, mimi ningenunua ile ya jirani yenye bati la kutu. Kila ubovu wake unauona ukiwa umesimama mlangoni, na fundi unamsimamia mwenyewe. Tangu mabasi yaanze 2016, wauzaji wa ukanda huu wanataja bei kana kwamba ghorofa limeshasimama. Unacholipia hasa ni kiwanja, kwa hiyo nguvu zako ziishie kwenye karatasi, siyo kwenye marumaru.

Kwenye ile nyumba ya masta, karatasi ilikuwa leseni ya makazi. Siyo hati, usidanganywe. Ni ya muda mfupi na inahuishwa. Na yule mama keshasema "marehemu". Basi nani anauza? Nikaomba kumuona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Dalali akasema watoto wote wameshakubaliana. Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi, na mara nyingi kuna mtoto mmoja yuko Tabora ambaye hakupigiwa simu. (Mzee angekuwa hai, ningeuliza pia mkewe: Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke.)

Wakati naondoka nilinunua vitumbua vinne. Mama akavifunga kwenye gazeti, akaniuliza polepole, dalali asisikie:

"Ukiichukua, kile chumba changu utapangisha shilingi ngapi?"