Kambare Mkubwa Hatafuti Uozo

Mtu yeyote akisikia kwamba ninakwenda Ifakara kuvua kambare katika mto Kilombero, hunipa ushauri uleule: nichukue utumbo wa kuku, niufunike ndani ya kopo, niuache juani siku mbili mpaka ubadilike rangi, na hapo ndipo nitakapompata mkubwa. Ushauri huo niliufuata kwa miaka kadhaa, nikavumilia harufu ndani ya basi na macho ya abiria wenzangu, na nilichoambulia ni ngogo na kambare wadogo wasiojaza sufuria. Siku hizi nashikilia maoni yaliyo kinyume kabisa: kambare mkubwa wa mtoni huvuliwa kwa chambo kibichi chenye damu na mafuta, na wengi wanamkosa kwa sababu ya uozo wa chambo na chubwi (ile risasi ya kuzamisha mshipi) iliyofungwa vibaya, si kwa sababu mshipi wao ni wa bei rahisi.

Waswahili hutania kwamba nyumba ya kambare haina mkubwa, kwa kuwa baba ana sharubu, mama ana sharubu na mtoto naye ana sharubu. Utani huo una somo kwa mvuvi. Kambare ana jozi nne za sharubu zilizojaa vionjeo, macho yake ni madogo, na kwa kawaida hutafuta chakula usiku, mara nyingi katika maji ya tope ambamo macho hayangemsaidia hata kama yangekuwa makubwa. Huonja maji na kufuata ladha kutoka chini ya mkondo kuelekea juu, polepole, mpaka akifikie chambo chenyewe. Sikatai kwamba hula mizoga, maana hula karibu kila kitu, lakini kadiri anavyokua ndivyo samaki wengine wanavyochukua nafasi kubwa zaidi katika mlo wake. Kwa hiyo swali la msingi si chambo kipi kinanuka zaidi puani mwetu, bali ni kipi kitatoa ladha kwa muda mrefu na bado kiwepo kwenye ndoano pale mkubwa atakapofika. Utumbo uliooza huanguka katika dakika chache, au humalizwa na ngogo, wakati samaki tunayemtaka angali mita 50 chini ya mkondo akiufuata mchirizi wa ladha ambao mwisho wake ni chuma kitupu.

Chambo ninachokiamini kuliko vyote ni perege aliyevuliwa asubuhi ileile katika mto huohuo. Namkata kwa mshazari nyuma ya kichwa, ili kidonda kiwe kipana na damu itoke vizuri, na kila baada ya nusu saa nakata kipande kipya hata kama cha zamani hakijaguswa, kwa sababu nyama iliyokwisha kuoshwa na maji haina tena la kumwambia kambare. Ini la kuku nalo ni zuri, ila ni laini mno, na asiyelizungushia uzi wa kushonea kwenye ndoano atalirusha upande mmoja na ndoano itaangukia upande mwingine. Nyungunyungu waliorundikwa kwa wingi hufaa maji yanapoanza kupanda, na jioni za kumbikumbi kambare huweza kula kumbikumbi hao hata juu ya maji, japokuwa sijawahi kumpata mkubwa wa kujivunia kwa chambo hicho.

Msomaji aliyewahi kufika mto Zambezi au ziwa Kariba anaweza kunipinga kwa hoja ya sabuni. Huko yupo ndugu mkubwa wa kambare anayeitwa vundu, ambaye hutambulika kwa pezi la pili la mgongoni, nene na lenye mafuta, na wavuvi wa huko humvua kwa vipande vya sabuni ya mche ya bluu. Jambo hilo ni la kweli na linajulikana sana. Jina la samaki huyo huwapotosha Waswahili wakadhani kwamba anapenda vitu vilivyovunda, lakini sabuni haijavunda: ni kitu kigumu kinachong'ang'ania kwenye ndoano na kuyeyuka kidogo kidogo, na wanaoitumia husema kwamba kinachomvuta ni mafuta yaliyomo. Naona kwamba hoja hiyo inaniunga mkono.

Kuhusu ndoano nitasema machache. Namba zake huwachanganya wengi, kwa kuwa namba 8 ni kubwa kuliko namba 12, lakini tukifika kwenye zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 4/0 na 6/0, mpangilio hugeuka na ndoano hukua pamoja na namba. Kwa kambare wa kilo 10 na kuendelea natumia 6/0 ya duara, yaani ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Ncha ibaki wazi, isizikwe ndani ya nyama, na inolewe kwa tupa mpaka ikwaruze ukucha, kwani mdomo wa kambare mkubwa una mifupa migumu. Ndoano ya duara ina sharti moja ambalo ni gumu kwa wenye pupa: usiivute kwa kishindo unapohisi samaki. Mwache aondoke nayo, mshipi ukaze wenyewe, kisha uvute kwa nguvu ya taratibu, nayo itajishika pembeni mwa mdomo.

Sasa niseme juu ya chubwi, ambayo naiona kuwa kiini cha jambo lote. Wengi hufunga chubwi kwa fundo juu kidogo ya ndoano. Kambare akiinua chambo, hunyanyua na risasi pia, huhisi uzito usiokuwa wa chakula, naye hutema. Hilo ndilo jambo tunalolieleza nyumbani kwa kusema kwamba samaki walikuwa wanagusa tu. Dawa yake ni chubwi yenye tundu, ambayo mshipi hupita ndani yake na kuteleza kwa uhuru. Chini ya chubwi weka shanga ya plastiki ili fundo lisigongwe, halafu funga pete inayozunguka, na kutoka kwenye pete hiyo ishuke sentimita 40 au 50 za mshipi mnene zaidi mpaka kwenye ndoano. Samaki akichukua chambo, mshipi hupita ndani ya chubwi iliyolala chini, naye hahisi chochote mpaka amekwisha kugeuka. Gramu 60 hutosha wakati wa kiangazi, na mkondo ukiwa mkali nafika 100. Asiye na chubwi ya dukani atumie nati nzito ya gari, ambayo tundu lake limekwisha tobolewa, mradi kingo zake zipigwe tupa zisikate nailoni.

Fundo la chubwi ndilo lililonikosesha kambare mkubwa kuliko wote niliowahi kumwona, aliyegeuka mara moja ubavuni mwa mtumbwi na kuondoka na nusu ya mshipi wangu. Mzee aliyekuwa akipiga kasia aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo fundo ulililowesha kabla ya kulikaza?" Sikuwa nimelilowesha. Nailoni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo, hata kama ni nene ya milimita 0.7, na mate kidogo yangetosha.

Mahali pa kutupa ni upande wa nje wa kona ya mto, ambako maji yamechimba kina na miti imeangukia, hasa kuanzia Julai, mbuga zinapokauka na samaki waliotawanyika wakati wa mafuriko wanaporudi kujikusanya mtoni. Saa nzuri ni kuanzia magharibi, na hiyo pia ni saa ya mamba na viboko, kwa hiyo mimi huvua nikiwa juu ya ukingo mrefu au ndani ya mtumbwi na mwenyeji, wala siingizi mguu majini kumfuata samaki. Akifika juu, ashikwe nyuma ya miiba ya mapezi ya kifuani, kwa kuwa mwiba huo ukikuchoma mkono utauma usiku kucha. Kichwa cha perege kilichobaki kisitupwe, maana ndicho kigumu kuliko vipande vyote na ngogo hawakiwezi. Mimi hukiweka kwenye ndoano ya mwisho, giza linapoingia.