Gavana Akijiripoti Mwenyewe, Sisi Tutajua Nini?

Zamani Madaraka Dei mlikuwa mnapanga foleni uwanjani juani mkingoja DC, mkuu wa wilaya, aje awasomee hotuba ya rais neno kwa neno, alafu jioni redio inairudia ile ile kutoka Nairobi. Siasa ilikuwa inashuka tu kutoka juu. Katiba ya Kenya ya 2010 ilipokuja na kaunti 47 zikaanza kazi 2013, hesabu ilikuwa kwamba habari nayo itaanza kutokea huku kwetu.

Pesa zilikuja kweli. Kufikia mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 370, na hapo ndo kuna zahanati yako, maji yako, chekechea ya mtoto wako. Lakini meza ya habari ilibaki Nairobi. Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa stori iliyotoka, hawana mshahara, na wanajua fika stori gani inapita kwa mhariri, kwa hivyo gavana akija kufungua soko lililochelewa miaka, swali la kwanza anaulizwa ni 2027 atakuwa mrengo gani. Soko lenyewe, nani alipewa tenda, mbona choo hakina maji, hayo hayaulizwi.

Kaunti inaingia TV ya taifa tu MCA, wale wawakilishi wa wadi, wakirushiana viti ama gavana akipelekwa Seneti kung'olewa. Wambora wa Embu alifungua njia 2014 (korti ikamrudisha), Waititu wa Kiambu akaenda Januari 2020, Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo, na Kawira Mwangaza wa Meru aliponea Seneti mara mbili kabla ya kuangushwa Agosti 2024. Zile siku zote ziko laivu, unapata mtu wa Lodwar anajua mambo ya Meru kuliko ya Turkana kwake! Na ukisikiliza vizuri, mengi yanayosomwa pale kama mashtaka, ajira, malipo, tenda, ni vitu ambavyo bunge la kaunti hukaa likivutania miezi na hakuna kamera hata moja inayotokea.

Sasa hilo pengo nani amelijaza? Gavana mwenyewe. Ana mkurugenzi wa mawasiliano, ana mpiga picha, ana kijana wa droni, na nje ya ofisi kuna mabloga ambao kazi yao ni kutukana yeyote anayeuliza swali kwa grupu la WhatsApp la wadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwe na mfumo wa kuwasiliana na wananchi, na nia ilikuwa tupate habari za maana, bajeti, mipango. Tulichopata ni picha ya mheshimiwa akikata utepe, picha kumi na mbili za utepe mmoja.

Redio za lugha za mama ndo zinajaribu, lazima niseme. Mulembe, Ramogi, Inooro, watu wanapiga simu asubuhi wanamtaja MCA kwa jina, na mara nyingine barabara inapata greda wiki hiyo hiyo. Shida ni kwamba kaunti pia ni kastoma, inalipia matangazo ya tenda na ya kazi, ama tuseme inaahidi kulipa, manake madeni ya matangazo hukaa sana, na stesheni inayodai hela haitaki kumuudhi mtu anayeshika hundi.

Kinachoniuma ni kwamba stori ziko wazi kabisa. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti za matumizi kila robo mwaka, kila kaunti ina sehemu yake, unaona waliotumia kwa safari na waliotumia kwa maendeleo, na madeni ya makontrakta. Ni bure, iko kwa mtandao. Mtangazaji mmoja akiisoma kwa Kikamba ama Kigiriama nusu saa tu, simu hazitakoma.

Alafu kuna jambo ambalo sioni likisemwa. Magavana wanaomaliza awamu ya pili na ya mwisho 2027 wengi watatafuta useneta ama kitu kingine, na ukurasa wa Facebook uliojengwa na mpiga picha anayelipwa na kaunti mara nyingi uko kwa jina la gavana, si la kaunti. Akitoka anatoka nao, pamoja na wafuasi wote, na gavana mpya anaajiri mpiga picha mwingine.