Simu au Kifaa cha GPS: Uchaguzi wa Mwenye Gari la Kambi Nyanda za Juu Kusini

Kila msimu wa maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyo kwenye uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, unapokaribia, swali lile lile huzuka miongoni mwa wanaokodisha na wanaojitengenezea magari ya kambi, yaani zile Land Cruiser zenye hema juu ya paa na malori madogo yaliyofungwa kitanda, jiko na tangi la maji: kuna haja gani ya kununua kifaa cha GPS cha kufunga kwenye dashibodi, wakati kila aliyemo ndani ya gari ana simu mkononi? Wengi hujibu kwamba hakuna haja. Jibu hilo lina msingi, na kwa safari nyingi ni sahihi kabisa, lakini limezoeleka kiasi kwamba hoja ya upande wa pili haisikilizwi tena, na pale inapotetewa hutetewa kwa sababu isiyo yake.

Simu ina haki zake, na ni vyema zitajwe kwanza. Setilaiti za GPS, ambazo hazipungui 24 na huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutuma mawimbi yake bila malipo kwa yeyote mwenye kipokezi, na simu huyapokea hata mahali pasipo na mnara. Kinachokula bando ni kupakua ramani. Aliyeipakua ramani akiwa bado Iringa mjini anaweza kuifuata hadi Tunduma bila kununua bando lolote, na anapokuwa na mtandao hupata faida kubwa zaidi, kwa sababu Google Maps humwonyesha foleni ilipo. Kifaa cha dashibodi, kisipounganishwa na simu hiyo hiyo, hakiwezi kujua kwamba lori limeharibika katikati ya mlima Kitonga, wala kwamba upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, pale Mbeya, umewahamishia madereva kwenye njia ya mchepuko ambayo mwezi uliopita haikuwapo. Zipo pia programu kama OsmAnd, inayotumia bila mtandao ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, ikarekodi njia uliyopita na hata kukuruhusu ujaze kimo na uzito wa gari lako. Kwa anayesafiri kwa lami kutoka Dar es Salaam, akalala Iringa, akafika Mbeya na kushuka Tukuyu hadi Kyela, simu inatosha, na anayemshawishi atumie mamia ya dola kwa kifaa kingine anamtwisha gharama isiyo na tija.

Upande wa pili umejiharibia wenyewe kwa namna unavyonadiwa. Vifaa vinavyouzwa mahususi kwa magari ya kambi, kama vile vya kampuni ya Garmin vya kundi la RV (ndivyo Wamarekani wanavyoyaita magari ya kambi) na TomTom GO Camper, vilibuniwa kwa kuzitazama barabara za Marekani na Ulaya. Dereva hujaza urefu, upana, kimo na uzito wa gari, na kifaa humwepusha na madaraja ya chini, barabara zenye ukomo wa uzito na mahandaki yasiyoruhusu mitungi ya gesi. Huko haja hiyo ni ya kweli. Katika mji wa Durham, North Carolina, daraja la reli lenye kimo cha futi 11 na inchi 8, yaani takriban mita 3.56, lilichuna mapaa ya malori kwa miaka mingi hadi likainuliwa mwaka 2019, na hata baada ya kufikishwa futi 12 na inchi 4 limeendelea kugongwa. Huku kwetu tatizo la gari refu kwenda juu ni waya wa umeme ulioning'inia juu ya njia ya kijijini, au tawi la mkaratusi lililoinama barabarani baada ya mvua, na vitu hivyo havijapimwa na kuingizwa katika ramani ya mtengenezaji yeyote. Watengenezaji wenyewe hueleza kwamba upangaji wa njia kwa vipimo vya gari haupatikani katika nchi zote. Kwa hiyo anayenunua kifaa hicho jijini Mbeya kwa kutumaini kwamba akishajaza kimo cha mita 3 atakuwa ameepushwa na kila kizuizi hadi Ludewa, ananunua huduma ambayo haipo, na akirudi akisema kifaa hakifai, hatuwezi kumlaumu.

Thamani ya kifaa iko kwingine, na mahali pazuri pa kuiona ni pale Makambako. Gari linalotoka Iringa kwenda Kitulo lina njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, hadi Chimala, kilomita 78 mashariki ya Mbeya, kisha kukata kushoto na kuupanda ukingo wa bonde la Usangu hadi Matamba, karibu na uwanda wa Kitulo. Ya pili ni kukata kushoto pale pale Makambako, kupita Njombe kwa lami hadi Makete, na kuufikia uwanda kutokea upande wa juu. Kwenye ramani, njia ya Chimala inavutia, kwa kuwa kipande kinachoiacha barabara kuu ni kifupi mno. Lakini kipande hicho ndicho kinachoitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Matamba iko takriban kilomita 100 kutoka Mbeya kwa njia hiyo, maana yake kona 57 zimebanwa ndani ya kilomita 20 na kidogo, kona moja kwa kila mita 400 hivi kwa wastani, na nyingi ni zile za kugeuka mzimamzima ukatazama ulikotoka.

Hesabu hiyo inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha gari la kambi na gari dogo. Dereva wa gari dogo huzungusha usukani na kupita. Dereva wa lori dogo lenye urefu wa mita 7, likiwa na lita 100 za maji, yaani kilo 100, mbali na mafuta, mitungi ya gesi na mizigo ya paani, kwenye kona kali hulazimika kuchukua upana wote wa barabara, na pengine kurudi nyuma ili amalizie kugeuka, huku mzigo ukilivuta gari kuelekea bondeni na utingo akiwa ameshika jiwe la kuzuia tairi. Akikutana na Fuso ya viazi inayoshuka, mmoja wao atarudi kinyumenyume. Hata uso wa barabara ukiboreshwa, kona inabaki kona ile ile. Wanaoipita kila siku wanaijua na wana haki ya kuisifu, kwa kuwa mandhari yake ni ya kipekee. Ninachosema ni kwamba dereva mgeni mwenye gari refu hapaswi kuingizwa humo na mashine iliyohesabu kilomita peke yake.

Hapa simu nyingi hushindwa. Google Maps itakukubalia kukwepa barabara za kulipia, barabara kuu na vivuko, lakini haina mahali pa kuikataza barabara moja unayoijua, wala haiulizi gari lako lina urefu gani. Vifaa vingi vya Garmin vya magari humruhusu mtumiaji kuchagua kipande cha barabara, au eneo zima, na kukifunga, kisha kila njia itakayopangwa baada ya hapo italikwepa eneo hilo, hata dereva akisahau. OsmAnd nayo inaweza kufunga barabara, na kwa haki yake sharti isemwe kwamba imepunguza sana pengo kati ya simu na kifaa. Ila ukiwauliza wanaosema simu inatosha wanatumia nini, wengi watakutajia Google Maps.

Jambo la pili ni muda, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Tuseme mbele yako kuna kilomita 60 za udongo, na kiongozi chako kinadhani barabara za namna hiyo hupitwa kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kitakuambia utafika baada ya saa 1 na dakika 12. Kama umeondoka saa 9 alasiri, unatarajia kuwa kambini saa 10 na dakika 12, ukiwa na muda wa kutosha wa kufungua hema, kuchota maji na kupika. Lakini gari lililosheheni, kwenye udongo uliolowa na wenye mikondo ya malori, likienda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, litatumia saa 4, na utafika saa 1 usiku, giza likiwa linaingia. Kosa la muda halikuanza barabarani. Lilianza mezani, pale ulipoamua kwamba saa 9 si kuchelewa. Na maua ya Kitulo hustawi wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo msimu unaowaita wageni ndio msimu ambao udongo unateleza, ukungu unashuka mchana, na baridi ya uwanda ulio juu ya mita 2,500 haimsubiri aliyekwama achomoe gari lake. Mwenye watoto garini anaelewa saa tatu zisizotarajiwa zinafanya nini.

Kosa hilo haliondoki kwa kubadili skrini. Linaondoka kwa kubadili ramani, na hili ndilo ninaloliona limepotea katika mjadala mzima: tunabishana juu ya chombo wakati kinachoamua ni kilichomo ndani yake. Ramani za Tracks4Africa, zinazotengenezwa Afrika Kusini, zimejengwa kwa kumbukumbu za njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, na makadirio yake ya muda yanatokana na mwendo ambao watu walikwenda kweli katika barabara hizo, si mwendo uliodhaniwa ofisini. Huuzwa kwenye memori kadi ya kuchomeka kwenye Garmin, na ipo programu yake ya simu. Ramani za OpenStreetMap nazo zinaweza kuwekwa kwenye Garmin bila malipo. Ubora wake hutegemea waliojitolea kuchora: Dar es Salaam ilinufaika na kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya maeneo ya mafuriko, lakini njia nyingi za milimani zimechorwa kama mstari tu, bila kuelezwa kama ni lami, changarawe au mfinyanzi. Basi Garmin ya bei kubwa yenye ramani ya Ulaya ndani yake haina msaada wowote Makete, na kifaa cha zamani chenye kadi nzuri kinaishinda.

Upo upande wa tatu, wa wanaosema ulizeni wenyeji. Nauheshimu, na hakuna mashine itakayojua kama daraja la miti lilisombwa juzi. Lakini swali liulizwe kwa anayefaa. Kijana wa bodaboda ukimuuliza kama njia inapitika atakujibu kwa kuifikiria pikipiki yake, tena kwa nia njema kabisa. Anayefaa kuulizwa ni dereva wa Fuso au wa basi linaloleta abiria kijijini, kwa kuwa uzito wake na kona zake vinafanana na vyako.

Baada ya ramani, kinachobaki ni mambo ya kawaida ya matumizi, nayo yanakipendelea kifaa. Simu iliyoachwa kwenye kioo cha mbele juani, huku inachaji na skrini imewaka, hupata moto ikapunguza mwanga au ikajizima yenyewe. Zaidi ya hayo, simu kwetu ni pochi. Ndiyo yenye pesa ya kulipia mafuta Mafinga, ndiyo ya kumpigia fundi, na ndiyo yenye picha za nyaraka za gari. Kuitumia kama kiongozi cha njia kwa saa 8, kwenye rafu rodi inayotikisa waya wa chaja mpaka unachomoka, ni kuweka ramani, mawasiliano na pesa kwenye betri moja. Kifaa cha pembeni kikizimika, umepoteza ramani tu.

Gharama yake haifichiki. Kifaa kipya cha skrini ya inchi 7 au zaidi ni mamia ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru, ramani zake zisiposasishwa huzeeka, na kikiachwa kwenye kioo usiku mjini kinamkaribisha mwizi. Sehemu ya bei hiyo inalipia orodha za viwanja vya kambi vya Marekani ambavyo hutavifikia. Kwa hiyo mwenye gari la urefu wa kawaida asiyeacha lami abaki na simu, akiwa amepakua ramani mapema. Mwenye gari fupi la magurudumu manne anayekwenda Ruaha au Kitulo mara moja kwa mwaka anaweza kutumia simu ya pili, hata ya zamani, iliyowekwa OsmAnd au Tracks4Africa na isiyofanya kazi nyingine. Lakini anayekodisha magari ya kambi kwa wageni, au mwenye lori dogo lililogeuzwa kuwa nyumba, ninamshauri anunue kifaa, si lazima chenye jina la magari ya kambi, mradi kipokee memori kadi, kikubali njia zilizorekodiwa na wengine na kiruhusu barabara kufungwa. Aikague na chaja, kwa kuwa malori mengi hutumia umeme wa volti 24 na chaja za magari madogo zimetengenezwa kwa volti 12.

Kabla ya kulipa, akitake kifaa hicho dukani kimpangie njia kutoka Makambako hadi Matamba. Kikimpeleka Chimala, akifunge kipande kati ya Chimala na Matamba, kisha aombe njia upya. Kikigeukia Njombe na Makete, na muda kinachoutoa ukaongezeka ipasavyo, anaweza kuanza kuzungumza bei.