Mimi ni Mhehe na nimemaliza kusoma Kichwamaji

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane hapa Iringa baridi haina masihara, saa moja jioni mtu ushajifunika blanketi na jiko la mkaa lipo mlangoni, na mwaka huu nikaamua jioni zangu nisome vitabu maana za mwaka jana zote ziliishia kwenye simu na sikumbuki hata nilichokuwa naangalia. Nina steshenari Kihesa, natoa fotokopi na kuprinti kazi za wanachuo, kwa hiyo makaratasi yanapita mkononi mwangu kutwa nzima lakini riwaya nilikuwa sijagusa tangu nimalize shule. Sasa kuna mwalimu mmoja wa Kiswahili huwa anakuja kudurufu mitihani, siku moja akaja na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, jalada limeachia kabisa, anataka nimbandikie. Nikamwambia nitakibandika bure ila niachie wiki moja nikisome. Akakubali, akasema, "Dada, hicho usikisome usiku ukiwa peke yako." Sikumsikiliza, nilikisoma usiku na nilikuwa peke yangu, na mpaka leo hakijanitoka ndo maana naandika.

Kabla ya kitabu niseme kitu kingine kwanza. Sisi Wahehe tuna sifa moja ambayo hatukuiomba. Ukienda Dar, ukienda Morogoro, popote, ukisema tu kwetu Iringa utaskia utani wa kamba. Nilikaa Dar miaka miwili nafanya kazi kwenye duka la mtu, nikigombezwa tu mtu wa pembeni anasema "mwacheni huyo Mhehe asije akajinyonga bure", wote wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka nao kwa sababu ukinuna ndo utaambiwa umeona, hasira za Kihehe hizo. Naujua utani wa makabila, nimekulia humo, watani wetu tunawaheshimu na msibani ndo wanaotushika mkono. Ila utani huu mmoja mimi kila siku ulikuwa unaniingia kama mwiba kwenye kisigino na nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwa nini.

Baba yangu mdogo, yule wa mwisho kabisa kuzaliwa kwao, alijiua nikiwa darasa la tano, kijijini kwetu huko Kilolo. Ninachokumbuka zaidi ni mazishi, jinsi yalivyokuwa ya haraka. Hakuingizwa kanisani, kwaya haikuja, na hakuna mtu aliyesimama kusoma historia ya marehemu, ambayo kwetu hata mtoto wa miezi mitatu akifariki kuna mtu atasimama aseme alizaliwa tarehe fulani. Yeye hakusomewa kitu. Tukarudi nyumbani, watoto tukaambiwa tusiulizeulize, na jina lake likaishia hapo, hata picha yake iliyokuwa sebuleni kwa bibi ikatolewa na sijui ilienda wapi.

Basi nafungua Kichwamaji. Kitabu kimetoka 1974 kwa hiyo nitasema mambo mpaka ya mwisho, asiyetaka kujua aruke. Anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, kijana wa chuo kikuu yupo likizo anatafuta kibarua, na mwanzoni kabisa anakalishwa nje ya ofisi kumsubiri Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mkubwa serikalini. Ule mkao wa kusubiri mtu uliyecheza naye, halafu akikuona anajifanya hamjuani sana, mi nilijua hapohapo kwamba aliyeandika anajua anachokisema. Baadaye tunakuja kujua huyohuyo Manase ndo aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anafariki, na nyumba inaanza kupukutika mmoja mmoja. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka mapenzi, wanaoana, wanapata mtoto na mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa, anafariki, na Kazimoto naye anajiua.

Ukikisimulia hivi kwa kifupi unaweza kudhani ni tamthiliya za runinga, maafa juu ya maafa. Ila ukikisoma hakiko hivyo kabisa, sehemu kubwa ni vijana wanapiga stori, wanabishana kama Mungu yupo au hayupo, wanatamani wanawake, wanarudi kijijini wanakuta wazazi hawawaelewi na wao hawawaelewi wazazi. Kuna kurasa nilicheka kwa sauti. Na hicho ndo kilichonimaliza, kwamba mtu anacheka, anakula, anaoa, na huku ndani kuna kitu kinamla taratibu na hakuna siku hata moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema ilikuwa hii. Sisi kijijini baba mdogo alipofariki swali lilikuwa moja tu, kila aliyekuja aliliuliza: alikosa nini? Shamba alikuwa nalo, mke alikuwa naye, ng'ombe wawili, alikosa nini. Kazimoto ukimuulizia hivyohivyo unapata jibu hilohilo, msomi, ana mke anampenda, alikosa nini. Kezilahabi hakujibu hilo swali kwa mstari mmoja, alikaa ndani ya kichwa cha yule kijana kuanzia mwanzo mpaka mwisho na akatukalisha na sisi humo, tukae tuone. Mi sijawahi kuona mtu anampa heshima ya namna hiyo mtu aliyejiua. Hakumcheka wala hakumhubiria.

(Na kama wewe unayesoma hapa ndo uko kwenye hali hiyo sa hizi, naomba umwambie mtu leo, yeyote, hata kama ni usiku sana. Nalisema hili kwa moyo wote.)

Lakini kuna jambo sijalipenda na nalisema. Rukia anakufa na sisi hatujamjua. Tunajua anachofikiria Kazimoto kuhusu Rukia, tunajua hasira za Kazimoto, lakini Rukia mwenyewe alikuwa anaota nini, aliwaza nini ile miezi yote, hakuna. Sabina naye anaanza kama chambo cha kisasi cha watu wawili wanaume. Mwandishi aliyeweza kuingia ndani ya kichwa cha kijana mmoja kiasi kile, kwa wanawake aliishia mlangoni.

Ndo maana nilienda kutafuta Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, 1971, nikaona humo labda. Na kweli humo mwanamke ndo katikati. Rosa ni binti wa Namagondo, Ukerewe, kijiji alichozaliwa Kezilahabi mwenyewe, na baba yake Zakaria ni mlevi anayemlinda binti kwa fimbo. Anakuta barua ya mvulana kwenye daftari lake na kipigo anachompa sitakisahau. Nimekulia sehemu ya ulanzi mimi, ile pombe ya mianzi, masika ikifika watu wanatoka vilabuni usiku unasikia wanaume wanaimba njiani, na kila nyumba ya mtaani kwetu ilikuwa inamjua baba yake kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo Zakaria sikuhitaji kuelezwa. Rosa akifika shule, mbali na ile fimbo, hajui kusema ndiyo wala hapana kwa sababu kwao hakuwahi kupewa nafasi ya kusema chochote, na kila mwanaume anayekuja mbele yake, mpaka wakubwa wa chuo, anachukua anachotaka. Anapokuja Deogratias wa kumuoa, huyo naye anachotaka ni bikira. Rosa naye anajiua.

Hiki kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, walisema kitaharibu watoto. Nilikuwa nimekiweka kaunta, akaja binti mmoja wa chuo kuprinti akakiona akasema, "Aa, hiki tulisoma, funzo lake ni wasichana watulie." Nilikasirika, sio kwake, yeye ndivyo alivyofundishwa, nilikasirika kwa sababu tumefundishwa wote kusoma hivyo, dhamira moja, mbili, tatu, ujumbe, falsafa ya mwandishi, unajaza karatasi unapata alama na Rosa bado yuko palepale hakuna aliyemuona. Nikamuuliza, na Zakaria je, funzo lake ni nini? Akafikiria akasema mwalimu hakugusia sana. Tukaongea kama nusu saa hivi foleni ikajaa nyuma yake. Kiukweli hata Kezilahabi mwenyewe alinivunja kidogo pale mwisho kwa ile hukumu ya mbinguni, nilitamani angemwacha Rosa alipofia bila kumpandisha tena kizimbani, kesi zote alizosomewa duniani zilimtosha.

Cha tatu kilikuwa Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, na hicho kwa mtu wa Iringa sio riwaya tu. Tumaini anatapanya mali, baadaye anatulia anajenga maisha na kupata mashamba, halafu vijiji vya ujamaa vinafika kwenye mashamba yake na Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, na yeye anahukumiwa kifo. Sasa mtu wa hapa akisoma hivyo kichwa chake kinaenda wapi kama sio Isimani? Krismasi ya 1971, tarehe 25 Disemba, mkuu wetu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu aliuawa kwa risasi shambani na Said Mwamwindi, mkulima wa mahindi, kwa ugomvi wa mashamba na vijiji vya ujamaa, na Mwamwindi akaupakia mwili kwenye gari la marehemu akaupeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Akanyongwa. Kleruu tuna chuo cha ualimu chenye jina lake, Mwamwindi tuna stori za wazee, na zinategemea unamuuliza nani. Bibi yangu ukimtajia anaangalia kwanza nani yupo ndani. Nimepita Isimani mara nyingi kwa basi la Dodoma, pakavu, mahindi membamba, na baada ya kusoma hicho kitabu nilipita tena mwezi wa saba nikajikuta nimeweka simu pembeni naangalia nje tu. Kama riwaya, naona hiki ni dhaifu kuliko Kichwamaji, kuna mahali watu wanaongea kama wapo mkutanoni. Lakini kuandika jambo la namna hiyo miaka minne tu baada ya Isimani, bila kumfanya muuaji shetani na bila kumfanya shujaa, hapo nilimvulia kofia.

Nagona, riwaya nyingine ya Kezilahabi, nayo nimeisoma, mara mbili maana ni fupi, na siwezi kusema nimeielewa. Imebaki picha tu, mtu anafika kwenye mji uliokufa. Ua la Faraja ya William Mkufya nimeianza, ni ya UKIMWI, na kwa sisi wenye ndugu Njombe, mkoa unaoongoza nchi nzima kwa maambukizi, hiyo nasoma kurasa chache chache kisha naweka chini.

Halafu Peponi, ile ya Abdulrazak Gurnah iliyoandikwa kwa Kiingereza 1994 na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Hapo giza ni la aina nyingine, halipigi kelele. Yusuf ana miaka 12 anaondoka na mtu anayemwita ami yake, amefurahi anapanda treni, hajui kwamba baba yake amemtoa rehani kwa sababu ya deni. Bustani nzuri, maji, makomamanga, na katikati yake mtoto ni mali ya mtu. Pembeni pembeni Wajerumani wanazidi kusogea. Nilikuwa naisoma na kichwani nipo Kalenga, kwenye makumbusho, kwenye lile fuvu la Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954.

Na hapo ndo likanijia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Mkwawa naye alijiua, 1898, Wajerumani wamemzunguka. Tumepelekwa kule shuleni kwa mistari, tukaimbishwa, tukaambiwa alikataa kushikwa, na ndivyo ilivyokuwa na najivunia. Lakini baba mdogo aliambiwa amelaaniwa. Sisemi ni mambo sawa, Mkwawa alikuwa na bunduki za maadui zinamfuata na mimi sijui baba mdogo alizungukwa na nini. Ila kwa Mkwawa tuliuliza nani alimfikisha pale. Kwa baba mdogo tuliuliza alikosa nini, basi, tukatoa picha ukutani.

Jumapili iliyopita nikampigia shangazi, dada yao mkubwa, yupo Kilolo bado. Nikamsalimia, tukaongea mvua, viazi, kisha nikamwambia shangazi naomba uniambie habari za baba mdogo, sio alivyokufa, alivyokuwa. Akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema alikuwa anapiga mluzi. Akitoka kugema ulanzi asubuhi anakuja anapiga mluzi wimbo wa kwaya, uleule kila siku, na mbwa walikuwa wanamjua akiwa bado ng'ambo ya mto wanaanza kukimbia. Nikamuuliza ni wimbo gani. Akauimba palepale kwenye simu, sauti ya kizee, ubeti wa kwanza, akaingia wa pili, dakika zikaisha. Nikanunua nyingine nikampigia tena.