Sikulia, nilikosea kulia tu

Haya, najua mshaisikiliza ile voisi ya jamaa yangu kwenye grupu, dakika nne nzima na tatu anacheka tu. Afu kama haitoshi kaweka na stetasi, "Kaka kachanganya kushoto na kulia, akabaki kulia." Naomba ieleweke, SIKULIA. Ule ulikuwa moshi wa pilau. Sasa ngoja nisimulie mwenyewe kabla haijafika kazini.

Mlionifuata siku nyingi mnaijua sebule yangu ya Tabata, mita tatu kwa nne, spika ya kushoto imebanwa kwenye kona na friji, ya kulia iko jirani na mlango wa koridoni wenye pazia. Pacha kabisa zile spika ila kila moja na maisha yake. Ya kwenye kona besi inavimba hadi vikombe vinalia kabatini, mwenzake besi inamtoka mlangoni inaenda kumfaidisha mpangaji wa pili. Na kochi haliwezi kukaa katikati kwa sababu ya huohuo mlango, kwa hiyo ukikaa, ya kushoto iko karibu na wewe kuliko ya kulia kwa sentimita kama 34.

Nikaona nizirekebishe, nikanunua maiki ya kupimia sauti yake inavyofika kwenye kochi (msiulize bei, mama watoto anasoma humu). Programu ya kusomea vipimo kwenye laptopu ni REW, ya bure. Unaweka maiki pale kinapokaaga kichwa chako, inapiga mlio mmoja unaanzia besi ya chini kabisa, hezi 20 (yani mitetemo 20 kwa sekunde), unapanda mpaka 20,000, uuuuuuiiiiiiii, na unapima kushoto peke yake, afu kulia peke yake. Ni wagonjwa wawili hawa, huwezi kuwaandikia dozi moja. Nilipima saa sita usiku, friji nimezima, feni nimezima, natoka jasho kama nasukuma mkokoteni, asubuhi mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna mtu anaombewa.

Majibu yakaja. Kushoto kuna mlima, yani besi imezidi, kwenye hezi 57, ambayo hata kwa kalamu unaipata, spidi ya sauti mita 343 kwa sekunde gawanya kwa sita, yani kwenda na kurudi kwenye zile mita tatu. Nikaukata desibeli 9, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Afu nikaichelewesha spika hiyo milisekunde moja ili imsubiri mwenzake aliye mbali. Kulia sikugusa sana. Kwenye Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti inayotoka kwenye laptopu, unaandika tu Channel: L, chini yake dawa za kushoto, Channel: R, dawa za kulia. Nikakaa. Muimbaji kasimama katikati ya ukuta kama kapigiliwa msumari, nikamwita mama watoto aje aone, akaja, akasema kumbe TV imezimwa.

Jumapili nikaita watu. Na hapa ndo nilipojichimbia. Saa tatu asubuhi naangalia nyuma ya stendi ya TV naona waya zimekaa kama tambi, nikasema wageni hawawezi kukuta aibu hii. Nikachomoa zote, nikajilaza kule nyuma na vumbi langu, nikazifunga na zipu tai nzuuuri, nikazirudisha kwenye amplifaya. Kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Kasoro nilikuwa nimeangalia upande wa kochi.

Si mshaelewa?

Wageni wamefika, watu sita, pilau limepakuliwa, tunakula kwa mkono chini kwenye mkeka, mimi nimesimama na rimoti kama mchungaji. Napiga wimbo. Nasema "sikilizeni besi ilivyotulia." Besi haijatulia, vikombe vinalia. Nasema "na muimbaji yuko katikati." Muimbaji yuko ndani ya friji. Jamani mimi mwenyewe nilimsikia yuko ndani ya friji! Lakini mdomo ushaanza, nikasema hiyo inaitwa upana wa jukwaa. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima ya nyama.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu leo. Lakini jamaa yangu akasema mbona yeye hasikii tofauti, nikaona ngoja nimmalize kitaalamu. Nikafungua ule mlio wa majaribio, dada wa kizungu anataja upande. Nikapunguza feni. Nikasema tulieni. Nikainua mkono wangu wa kushoto, nikaunyoosha kabisa kuelekea kwenye friji, kidole kimesimama, nikafumba macho.

Dada akasema, "Left."

Kutokea mlangoni.

Nikafumbua jicho moja. Vichwa sita vyote vimegeukia kwenye pazia, matonge yako hewani. Mkono wangu bado unaelekea kwenye friji. Nikaanza kuuhamisha taratiiibu, kama namfukuza nzi, ukapita kwa shemeji, ukapita kwa jamaa, ukafika mlangoni, na ulivyofika tu dada akasema, "Right." Friji likajibu.

Kimya. Mpwa wangu wa darasa la pili, yule wa English medium, akainua mkono wake wenye wali hadi kwenye kifundo akasema, "Anko, kulia ni huu. Huu wa kulia."

Jamaa alitoka nje. Nikadhani anaenda kunihurumia, kumbe ndo anaenda kurekodi.

Yani siku tatu zile dawa za mgonjwa wa kona nimezipanga vizuri vile afu namnywesha wa mlangoni! Yule mwembamba wa besi ndo kakatwa desibeli 9, yule wa mbali ndo kacheleweshwa tena, na mwenye mlima wake kaachwa anatamba.

Kilichofuata hakina maana, nikaingia nyuma ya TV nikageuza waya, nikatoka, dada akasema "Left" ikatokea mlangoni tena, kumbe shemeji kwa roho nzuri naye kageuza zile za kwenye laptopu, tukageuza tena, ikakaa, ikapiga vizuri ajabu, ila watu washaanza kuulizana habari za bodaboda.

Mpwa ndo alibaki. Akaniambia Anko usijali nimekuwekea alama usisahau tena. Nikasema asante mama. Jioni naenda kufuta vumbi naikuta, juu ya ile mbao ya spika, herufi kubwa, ya mlangoni imeandikwa WA KULA. Ya kwenye friji WA CHOONI.

Maka peni yenyewe ni ile isiyofutika.