"Ulifanya kazi vizuri" kivipi?

Wiki hii kuna tangazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana wa Tanga. Ripoti iliyo tayari ya projekti ya mwaka wa mwisho, elektroniki, mada ni kudhibiti maji ya tangi na kumtumia mwenye nyumba SMS. Kurasa themanini na kitu, "unabadilisha jina na chuo tu".

Tangazo lenyewe halinishangazi. Kinachonikera ni kwamba ukiiweka ripoti hiyo kando ya ile aliyoihangaikia mwanafunzi mkweli pale Makorora, hutaona tofauti. Zote mbili zina kurasa kumi na mbili za kutueleza Arduino, ile bodi ndogo inayoprogramiwa, ni kitu gani. Zote mbili zina shukrani ndefu kwa Mungu, wazazi na msimamizi. Na zote mbili, ukifika sura ya nne ambako ndiko kwenye kazi, zina picha tatu za simu na sentensi moja: mfumo ulijaribiwa na ulifanya kazi vizuri.

Vizuri kivipi, jamani? Ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kuiweka jina lake bila kugusa tarakimu hata moja haina kipimo hata kimoja ndani yake. Kitu pekee ambacho hakinakiliki ni namba zilizotoka kwenye bodi yako, mahali pako, siku uliyopima.

Tuchukue hilo hilo tangi. Sensa ni HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, maana ni rahisi na kila mtu anayo. Programu iliyonakiliwa inachukua muda wa mwangwi kwa mikrosekunde, inazidisha kwa 0.034, inagawa kwa mbili kwa kuwa sauti huenda na kurudi. Muulize mwenye ripoti hiyo 0.034 imetoka wapi. Kimya. Ni kasi ya sauti kwa sentimita kila mikrosekunde, yaani mita 340 kwa sekunde, na sauti huenda kwa kasi hiyo hewa ikiwa na nyuzi joto 14 hivi. Hiyo ni Lushoto usiku wa Julai. Tanga mjini mwezi wa pili, nyuzi 32, sauti inakwenda karibu mita 351 kwa sekunde. Maji yakiwa mita 2 chini ya sensa, programu itakwambia yapo sentimita 194. Yaani inaona maji yako juu kuliko yalipo. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.2, sentimita 6 hizo ni lita 68, ndoo kubwa tatu na zaidi za maji ambayo hayapo. Pampu haiwaki, kwa sababu mfumo unaamini bado kuna akiba. Na hapo ni kivulini. Ndani ya tangi jeusi lililokaa juani hewa ni moto zaidi.

Sasa angalia sura ya nne inavyojiandika yenyewe. Ubao bapa, futi kamba, kipimajoto. Weka ubao sentimita 20, 50, 100, 150 na 200 kutoka kwenye sensa. Kila umbali chukua usomaji ishirini, uache laptopu irekodi kupitia USB badala ya kukopi kwa mkono. Andika wastani, mdogo kabisa, mkubwa kabisa, na joto la hewa. Fanya alfajiri, rudia saa nane mchana. Halafu ongeza sensa ya joto, weka kwenye programu kanuni ya 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi joto, urudie zoezi zima. Una majedwali mawili, grafu moja yenye mistari miwili, na jambo la kusema. Ukitumia DHT11 kwa hiyo joto, sema pia kwamba yenyewe inaweza kukosea kwa nyuzi 2, na kwamba nyuzi 2 kwenye mita 2 ni chini ya sentimita moja, kwa hiyo inatosha. Sentensi hiyo moja ina uhandisi mwingi kuliko zile kurasa kumi na mbili.

Halafu ingia ndani ya tangi lenyewe, usiishie kwenye ubao. Mwale wa sensa hii hutanuka, na kuta za matangi ya plastiki zina mikunjo. Utapata usomaji unaoruka kutoka 140 hadi 85 kisha unarudi. Usiufute. Onyesha ulivyoruka, kisha onyesha ulivyopanga kila usomaji saba kwa ukubwa ukachukua ule wa katikati, na matokeo yake. Mvuke nao utakaa kwenye macho ya sensa na baada ya siku chache inaweza kuanza kutoa sifuri. Hilo nalo ni tokeo. Sensa nyingine ya aina hiyo, JSN-SR04T, haiogopi maji lakini haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 na kidogo, kwa hiyo lazima uiinue juu ya kiwango cha tangi kujaa. Ukiandika kwa nini uliacha moja ukachukua nyingine, hakuna wa kukwambia umenakili.

Jambo la pili ni umeme, na hapa ndipo projekti nyingi hufia mbele ya jopo la watahini. SIM800L, moduli inayotuma SMS, inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta mkondo unaoweza kufika ampea 2 kwa kipande cha muda kisichofika milisekunde moja. Mtu anaipa umeme kutoka kwenye bodi iliyochomekwa USB, volteji inazama, moduli inajizima na kuanza upya kutafuta mtandao. Taa inapepesa kila sekunde, inataka kutulia, inaanza tena. Waja leo waondoka leo. Multimita haitakuonyesha kuzama huko, maana inakupa wastani. Ripoti inaishia kusema "changamoto ya mtandao". Mtandao una kosa gani?

Nakubali, shingo upande, kwamba osiloskopu, chombo kinachochora volteji inavyopanda na kushuka, si kitu cha kukopa kwa jirani, na maabara ya chuo ikifungwa imefungwa. Lakini kuhesabu hakuhitaji osiloskopu. Tuma SMS hamsini bila kapasita, kile kipande kinachohifadhi chaji, hesabu zilizofika. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu ya moduli na chanzo cha volti 4 kinachohimili ampea 2, tuma hamsini nyingine pale pale. Namba mbili hizo ni ushahidi.

Hesabu ya joto nayo hukosekana, na bado watu wanashangaa 7805, kile kipande cha kushusha volteji hadi 5, inapozima. Ukiingiza volti 12 ukatoa 5 kwa miliampea 500, inabakiwa na wati 3.5 za kugeuza joto. Bila kipande cha alumini cha kupozea, 7805 hupanda kama nyuzi 65 kwa kila wati. Zidisha mwenyewe uone kwa nini inajizima. Hata kwa miliampea 200 tu utafika nyuzi 91 juu ya joto la chumba, na chumba cha Tanga hakianzii 20. Na transfoma iliyoandikwa volti 12, baada ya daraja la dayodi na kapasita, inakupa takriban 15.6 isipobebeshwa mzigo, kwa hiyo kapasita inayohimili mwisho volti 16 umeiweka ukingoni. Chukua ya 25.

Relei, ile swichi inayoamrishwa na bodi, ya ampea 10 kwa pampu ya hospawa moja: pampu ikishawaka inavuta ampea tano au sita, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Midomo ya relei itaungana kwa joto siku moja, pampu haitazimika, na tangi litamwagika kwa jirani. Weka kontakta, swichi kubwa ya kubeba mzigo huo, relei iamrishe kontakta. Programu inayoandika kiwango cha maji kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, kila sekunde, mahali pale pale, inamaliza uhai ulioahidiwa wa maandiko 100,000 kwa saa 28 hivi. Andika pale tu hali ya pampu inapobadilika.

Mapitio ya maandiko: kazi nne zinazofanana na yako, kila moja ilipima nini na ikakosea kiasi gani. Basi. Yaliyomo yatengenezwe na Word yenyewe. Picha ya skrini ya Proteus, programu ya kuchorea saketi, yenye mandhari ya kijivu na vidoti haisomeki ikishaprintiwa nyeusi na nyeupe. Chora upya, thamani za vipande zionekane.

Kuna watakaosema msimamizi anataka kurasa sitini, usipofikisha anakurudisha. Ni kweli wapo wasimamizi wa aina hiyo, na sina la kuwatetea. Ila majedwali ya vipimo nayo yanakula kurasa, tena haraka kuliko maelezo ya Arduino. Usomaji wote ghafi weka kwenye kiambatisho, kila safu na tarehe, saa na joto lake, na kwenye sura ya nne baki na wastani na grafu. Jopo likiuliza ile 85 iliyoruka ilitokea lini, unafungua kiambatisho unawaonyesha safu yake.