Nimefeli Kupewa Paka

Barua imeingia asubuhi ya leo. "Tunasikitika kukuarifu kwamba ombi lako halikukubaliwa." Barua za kusikitikiwa nazijua, nimezipokea tangu ujana. Ila safari hii sikuomba kazi wala mkopo. Niliomba paka, kwenye kituo kinachotunza paka wasio na wenyewe.

Paka! Mnyama aliyekuwa akijiingilia mlangoni na kukaa, na ukiuliza ni wa nani, kila mtu anasema si wangu.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Ukurasa wa nne wakauliza: paka huyu akiishi miaka 18, wewe utakuwa na umri gani? Nikapiga hesabu, nikanyamaza, nikaenda kunywa maji. Mdhamini wangu walipompigia simu alidhani nimekopa, akasema hanijui. Kituo kingine kilitaka barua ya mwenye nyumba, yaani yule yule ambaye simu zake sipokei. Cha tatu kilisema watoto wa paka hawatolewi mmoja mmoja, wanatolewa wawili wawili kama soksi.

Basi Jumamosi akaja mkaguzi. Binti mpole, shikamoo yake imejaa, daftari kwapani. Mimi nimevaa shati la kutokea na nimepiga deki hadi nyuma ya kabati. Hakutazama sakafu. Alisimama mbele ya maua ya mke wangu.

"Baba, haya si mayungiyungi?"

"Ndiyo, mwanangu. Mazuri, eeh?"

"Yanaua figo za paka. Hata chavua tu ikimdondokea akajilamba."

Maua yakatoka nje kabla chai haijapoa. Akaenda dirishani. Wavu uko wapi? Nikamwambia paka huangukia miguu. "Miguu na taya, baba," akasema, akaandika.

Kisha akanifungulia mkataba. Yule dume kwenye picha, mwenye uso kama wa hakimu mstaafu, ameshahasiwa. Nikajikuta nimebana magoti. Nikauliza, kwa heshima zote, kama ilikuwa lazima. Mwenzangu akashusha somo: jike wa miezi minne anaweza kushika mimba, anaibeba siku 63 hadi 65, anazaa, na kabla hajaachisha kunyonyesha ana nyingine. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ndiyo maana majike wanafungwa kizazi na madume wanahasiwa. Na dume akishahasiwa, wiki za mwanzo bado anaweza kutia mimba. Hongera zake, nikasema moyoni.

"Akihasiwa anatulia," binti akaendelea. "Hazururi usiku, hapigani ovyo, hakojolei kuta."

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Mwisho wa kuwahasi ni umri gani?"

Binti hakucheka. Akamjibu kabisa, kwamba hata wazee wanafanyiwa, mradi daktari awapime kwanza.

Likaja swali la mwisho. Kwa nini unataka paka? Nilitakiwa kusema upendo, najua sasa. Nikasema panya.

Kalamu ikasimama. "Baba, paka si mtego."

Sasa naomba mnieleze. Wao wenyewe wanatangaza vizimba vimejaa, jamani tusaidieni, chukueni paka. Nimekuja, nimeoga, nimetupa maua ya mke wangu, mnanikataa! Halafu paka wa mitaani wanawakamata, wanawafunga vizazi, wanawakata ncha ya sikio iwe alama, wanawarudisha pale pale walipowatoa. Huo mtaa ulijaza fomu? Mtaa una wavu? Mtaa uliulizwa utakuwa na umri gani baada ya miaka 18? Jirani yangu ana majike wanne, hajui hata mkaguzi anafananaje, kila baada ya muda ni nyau nyau mpya chini ya kitanda. Mimi niliyesema ukweli kuhusu panya ndiye hatari!

Na nyavu nilishafunga. Madirisha yote. Ni za kuzuia paka, kwa hiyo mbu wanapita humo bila hata kukunja mabawa. Fundi aliyezifunga aliacha ngazi yake katikati ya korido, tunaivuka kwa kunyanyua miguu kama korongo, na kila nikimpigia anasema yuko njiani. Tangu Jumatano yuko njiani. Anatokea wapi huyu?